Ree Mbili Zimetupwa: Mahesabu ya Satelaiti za Poka

Kijiwe chetu cha albastini kina kundi la WhatsApp, na wiki iliyopita kundi hilo lilichafuka kwa video ya dakika moja. Mezani wamebaki watu wachache. Mmoja anasukuma chipu zake zote katikati, na mwenzake aliyekaa mkabala anachungulia karata zake mbili: ree na ree. Katika poka hakuna karata mbili za kuanzia zinazozipita hizo. Jamaa anavuta pumzi, anazitupa. Mgawaji anazifagia, mchezo unaendelea, na aliyezitupa ametulia kama mtu aliyerudishiwa chenji yake kamili.

Kundi likawaka. Fundi umeme wetu aliandika kwamba huyo kahongwa. Mwingine akasema mchezo mzima umepangwa. Mjomba, ambaye ndiye mwamuzi wetu wa ugomvi wote wa karata, akaandika neno moja tu: "Mwehu." Nikawajibu kwamba huenda yule ndiye mtu pekee pale mezani aliyejua anacheza mchezo gani, kwa sababu chini ya video paliandikwa kuwa ni satelaiti. Hapo likaja swali lililonifanya niandike makala hii: "Satelaiti ya dishi?"

Hapana, si ya dishi. Lakini nakiri jina lenyewe halisaidii mtu.

Tuanze na poka. (Kwa Kiswahili kupoka ni kunyang'anya, na waliowahi kupoteza mshahara mezani watasema jina limekaa mahali pake.) Aina inayochezwa zaidi duniani ni Texas Hold'em. Kila mchezaji hupewa karata mbili za siri, kisha karata tano huwekwa wazi katikati kwa ajili ya wote. Kila mmoja anatafuta mpangilio bora wa karata tano kutoka katika hizo saba. Katikati ya hatua hizo watu huweka dau, huongeza dau, hufuata dau la mwenzao, au hutupa karata na kusubiri mkono mwingine, yaani mgao mwingine. Kila mkono kuna watu wawili wanaolazimika kuweka dau kabla ya kuona chochote, mmoja dogo na mwingine kubwa, na zamu hiyo huzunguka meza nzima. Bila madau hayo ya lazima kila mtu angekaa kusubiri ree mpaka kuku waote meno.

Katika mashindano, unalipa kiingilio na unapewa chipu. Chipu hizo si fedha. Huwezi kunyanyuka nazo ukaenda kuzibadilisha dirishani. Zikiisha, umetoka. Kadiri muda unavyokwenda, madau ya lazima hupanda, kwa hiyo anayekaa bila kufanya kitu huliwa taratibu kama sabuni kwenye maji.

Sasa satelaiti. Hii ni shindano dogo ambalo zawadi yake ni kiti katika shindano kubwa. Fikiria watu kumi kijijini wanaotaka kwenda Dar kuangalia fainali. Safari nzima ni shilingi laki moja na kila mmoja ana elfu kumi. Wanachanga, wanacheza karata, mshindi anakwenda kwa niaba ya wote. Wakifika 30, wanakwenda watatu. Basi, hakuna zaidi ya hapo. Utata unaanza pale watu wanapocheza satelaiti kama wanavyocheza poka nyingine yoyote.

Wazo hili lilizaliwa Las Vegas mwishoni mwa miaka ya 1970. Shindano kuu la World Series of Poker lilikuwa na kiingilio cha dola 10,000, na bado ni kiasi hicho hicho leo, fedha ambazo hata wacheza karata wazuri hawakuwa nazo mfukoni. Inasimuliwa kwamba Eric Drache, aliyesimamia mashindano hayo katika kasino ya Binion's Horseshoe, aliona meza ya watu ambao kila mmoja alikuwa na takribani dola 1,000 mbele yake, akawaambia: kwa nini msicheze mpaka abaki mmoja, naye aingie shindano kuu? Mwaka 1983 Tom McEvoy akawa mtu wa kwanza kuingia kwa njia hiyo na kutwaa ubingwa wenyewe. Rod Peate, aliyebaki naye wawili mwishoni, naye alikuwa ameingia kwa satelaiti.

Lakini aliyeifanya dunia nzima ilijue neno hili ni mhasibu wa Tennessee mwenye jina ambalo mtunzi wa riwaya angeambiwa amezidisha: Chris Moneymaker. Mwaka 2003 alilipa dola 86 kwenye satelaiti ya mtandaoni, akashinda nafasi katika satelaiti kubwa zaidi, na huko akapata kiti cha Las Vegas. Shindano kuu mwaka huo lilikuwa na watu 839. Akawashinda wote, akamalizia na Sam Farha, mcheza poka wa kulipwa, na kuondoka na dola milioni 2.5. Mwaka uliofuata waliingia watu 2,576, na bingwa, Greg Raymer, naye alikuwa ametokea kwenye satelaiti ya mtandaoni. Kufikia mwaka 2006 washiriki walikuwa 8,773.

Kuna kipande cha hadithi ya Moneymaker ambacho husimuliwa mara chache, nacho ndicho kinachotuhusu. Katika ile satelaiti ya mwisho, watu watatu wa juu walikuwa wanapata viti, na wa nne alikuwa anapata dola 8,000 taslimu. Moneymaker alikuwa na madeni. Ilipobaki meza ya mwisho yeye hakutaka kiti. Alitaka kumaliza wa nne! Rafiki yake ndiye aliyembembeleza asifanye hivyo. Mtu anaweza kumcheka, lakini angalia vizuri: yule mhasibu alikuwa amesoma ubao wa zawadi kabla ya kusoma karata zake. Alikosea alichokitaka, hakukosea namna ya kufikiri.

Kiti ni kiti

Mashindano ya kawaida hulipa kwa ngazi. Wa kwanza hubeba fungu nono, wa pili pungufu, wa tatu pungufu zaidi, hivyo kila hatua unayopanda ina faida. Satelaiti hailipi hivyo. Kama viti ni kumi, wa kwanza anapata kiti, wa kumi anapata kiti, na wa kumi na moja kwa kawaida anapata pole.

Ni daladala ya Gongo la Mboto saa kumi na mbili jioni. Aliyekaa dirishani anapunga upepo na aliyebanwa kiti cha nyuma na furushi la mtu mapajani wote watafika. Konda hamrudishii nauli aliyewahi. Swali la maana ni moja tu: umo ndani au umebaki stendi?

Wapenzi wa mpira watalielewa hili haraka kuliko wote. Timu inayohitaji sare tu ugenini, mechi ya mwisho ya makundi, hata iwe na washambuliaji hatari namna gani, itapaki basi. Mabeki hawapandi, kipa anachelewesha mpira, na dakika ya 90 ikifika bila bao mashabiki wanashangilia kama wameshinda tano. Hakuna anayemwita kocha huyo mwehu. Lakini timu hiyo hiyo ikicheza hivyo kwenye fainali tutamtukana kocha mpaka kwao.

Kutokana na hapo linatoka jambo ambalo wengi hulikataa mwanzoni: katika satelaiti, chipu hazina thamani sawa. Kama nauli ya basi ni 20,000, mwenye 20,000 na mwenye 200,000 wanapanda basi lile lile. Zile 180,000 za ziada hazimfikishi haraka. Mwenye 15,000, kwa upande mwingine, anazihitaji 5,000 zilizobaki kwa udi na uvumba. Chipu unazoweza kupoteza zina uzito mkubwa kuliko chipu unazoweza kushinda, na uzito huo unaongezeka kadiri viti vinavyokaribia. Wataalamu wana hesabu yake ndefu wanayoiita ICM (kifupi cha Independent Chip Model), na zipo programu za kompyuta zinazoipiga kwa sekunde. Mchezaji wa kawaida hahitaji kuijua yote. Anahitaji kugawanya tu.

Nauli yako ni kiasi gani?

Chukua jumla ya chipu zote zilizoingia mchezoni, gawanya kwa idadi ya viti. Tuseme wameingia watu 100, kila mmoja akapewa chipu 10,000. Jumla ni 1,000,000. Viti ni kumi. Kwa hiyo siku viti vitakapokamilika, mwenye kiti wa wastani atakuwa na chipu 100,000.

Namba hiyo, 100,000, ndiyo nauli. Iandike kwenye karatasi kabla hujagawiwa mkono wa kwanza. Ukiifikisha wakati bado wamebaki watu 25, uko karibu sana na mlango na kazi yako imebadilika: sasa si kukusanya, ni kutunza. Ukiwa na 60,000 wakati huo huo, bado una safari. Na ukiwa na 180,000? Umeshafika. Kila mkono mkubwa unaoucheza kuanzia hapo ni mtu aliyekwisha kukaa kwenye kiti anayenyanyuka kugombania kingine.

Lazima uangalie na kasi ambayo madau ya lazima yanakula chipu zako. Tuseme muda huo madau ya lazima ni 3,000 na 6,000, na mwenye dau kubwa anatoa 6,000 nyingine kwa niaba ya meza, kama ilivyo desturi katika mashindano mengi siku hizi. Mzunguko mmoja wa meza unakugharimu 15,000. Mwenye 100,000 anaweza kutupa kila karata kwa mizunguko sita na akiba ikabaki. Mwenye 30,000 ana miwili. Kwenye satelaiti za haraka, ambako madau hupanda kila dakika chache, mizunguko hiyo ni ya kuhesabia vidole vya mkono mmoja, na anayesema "nitasubiri karata nzuri" ajue anasubiri akiwa juu ya jiwe la barafu.

Nataka niondoe hapa dhana moja iliyozagaa: kwamba satelaiti huchezwa kwa kujikunyata tangu mwanzo. Si kweli. Saa ya kwanza au mbili cheza poka yako ya kawaida, kwa utulivu lakini bila woga. Wakati huo viti viko mbali, chipu 10,000 ni sehemu ya kumi tu ya nauli, na hakuna mtu atakayekuletea 90,000 zilizobaki ukiwa umelala. Wengi hutolewa wakiwa wamechelewa kuanza kukusanya, kisha wanalaumu bahati. Kupaki basi ni kwa mwenye matokeo ya kulinda.

Mlangoni

Sasa tuje kwenye ile video. Hatua ile wacheza poka huiita kipovu: akitoka mtu mmoja tu, kinapasuka, waliobaki wote wana viti. Hapa ndipo mchezo unapogeuka juu chini, na hapa ndipo mjomba na mimi tulipobishana usiku kucha.

Chukua mfano mwepesi. Wamebaki wanne, viti vitatu, wote wana chipu sawa. Bila kufanya lolote, kila mmoja ana nafasi ya asilimia 75 ya kupata kiti: watu wanne, viti vitatu. Mmoja anasukuma zote. Wewe peke yako ndiye umebaki kuamua. Ukimfuata na kushinda, yeye ametoka, wewe una kiti: asilimia 100. Ukimfuata na kushindwa, una sifuri. Ukitupa, unabaki na karibu 75 zako.

Kwa hiyo ili kumfuata kuwe na maana, lazima uwe na uhakika wa kushinda zaidi ya mara 75 kati ya 100. Kwenye poka ya kawaida, ukiwa na zaidi ya nusu tu unafuata huku unatabasamu. Hapa, tuseme unaamini jamaa anasukuma karata zozote zile, hata takataka. Ree na mfalme, mkono ambao watu huukumbatia, hushinda takataka hizo mara kama 65 hivi. Haitoshi, tupa. Jozi ya tisa inafika kama 72. Tupa. Jozi ya malkia inagonga 80, hiyo fuata. Ree mbili zina kama 85, fuata bila kusita.

Sasa badilisha idadi. Wamebaki watu 11, viti kumi, chipu sawa. Kila mmoja ana nafasi ya 10 kwa 11, yaani karibu asilimia 91, akiwa amekaa tu. Mtu anasukuma zote na mbele yako una ree mbili. Zitashinda mara 85. Lakini kwa kutupa unabaki na takribani 91.

Soma tena hizo namba mbili. Karata bora kuliko zote duniani zinakupa 85. Kutofanya kitu kunakupa kama 91. Aliyetupa hakuogopa na hakuhongwa. Alichagua namba kubwa. Mjomba alipofika hapa aliniuliza, "Na akishinda je, si atakuwa na chipu mara mbili?" Ndiyo, mjomba, mara mbili. Na kiti kimoja.

Mara nyingi hali huwa ya wazi zaidi kuliko mfano wangu, kwa sababu chipu hazilingani. Ukiwa na za kutosha mizunguko saba, na kuna watu wawili ambao hawawezi kumaliza mzunguko mmoja, basi madau ya lazima yatawafanyia kazi yako. Kugongana wakati huo na mtu mwenye chipu nyingi kama wewe au zaidi ni kumwokoa yule aliyekuwa anazama. Nimeona mtu akifanya hivyo. Alitoka wa sita kwenye satelaiti ya viti vitano akiwa na jozi ya wafalme, na kijana aliyekuwa amebakiwa na chipu mbili tatu akainuka kumshika mkono, kama msiba.

Kwa hiyo ukikaribia mlango, macho yako yaondoke kwenye karata zako. Hesabu: waliobaki ni wangapi, viti vingapi, nani ana chache kuliko mimi, na dau kubwa la lazima litamfikia nani kwanza, mimi au yeye? Meza zikiwa zaidi ya moja, inuka uende ukaangalie meza ya pili. Mtandaoni fungua orodha ya wachezaji. Mwenye chipu 20,000 anayejua kwamba kuna watatu wenye 8,000 anacheza tofauti kabisa na mwenye 20,000 asiyejua.

Anayesukuma na anayefuata

Msomaji makini atauliza: kama kufuata ni hatari hivi, kwa nini wengine wanasukuma zote na karata mbovu, nao wanafanikiwa?

Kwa sababu anayesukuma kwanza ana milango miwili. Wenzake wakitupa, amechukua madau ya lazima bila jasho. Wakimfuata, bado anaweza kubahatika kuwapiga. Anayefuata ana mlango mmoja tu: ashinde. Na kama kila mtu mezani anajua kwamba hata jozi ya tisa ni ya kutupwa, basi anayetangulia kusukuma anachukua vya bure. Hiki ndicho kitendawili cha satelaiti: mkono ambao ni dhaifu mno kufuata nao unaweza kuwa mzuri wa kusukuma.

Lakini angalia nani yuko nyuma yako. Anayebanwa zaidi ni mwenye chipu za wastani. Ana kitu cha kupoteza, hajafika, na wapo walio hoi kuliko yeye, kwa hiyo atatupa karibu kila kitu. Huyo ndiye wa kusukumiwa. Aliyebakiwa na chipu mbili tatu hana la kupoteza, atakufuata na chochote, hivyo kumtishia ni sawa na kumtishia mtu aliyelowa kwamba mvua itamnyeshea. Na mwenye chipu nyingi kukuzidi muache kabisa, isipokuwa unajua ni mtu anayesoma hesabu kama wewe.

Ukiwa wewe ndiye mwenye rundo kubwa, kuna tamaa mbili za kuzidhibiti. Ya kwanza ni kuendelea kuonea watu kwa raha tu baada ya kuwa umeshafika. Ya pili, ambayo ni ya hila zaidi, ni kuona ni wajibu wako kumtoa yule mdogo. Si wajibu wako peke yako. Akisukuma zote na watu wawili mkamfuata, mara nyingi wazoefu hawaongezi dau baina yao. Wanapitisha karata hadi mwisho ili wawe wawili dhidi ya mmoja. Hilo likitokea kimya kimya kwa kila mtu kujua maslahi yake, ni mchezo halali. Mkikubaliana kwa maneno au kwa kukonyezana, ni njama, na mnaweza kufukuzwa. Mpaka kati ya hayo mawili ni mwembamba, lakini upo.

Kuna na ujanja wa kuvuta muda: mtu mwenye chipu chache anafikiri dakika nzima juu ya karata ambazo hata mtoto angetupa, ili meza nyingine zicheze mikono mingi na mtu atoke huko. Waandaaji wanaujua. Ndiyo maana mlangoni meza zote hucheza mkono mmoja kwa pamoja, na hakuna meza inayogawa tena mpaka nyingine zimalize, na mara nyingi kuna saa ya kuhesabia sekunde zako.

Kiti si bure

Dhana inayowaumiza watu mfukoni ni hii: satelaiti ni njia ya kuingia shindano kubwa kwa bei ya kutupa. Moneymaker alilipa dola 86, kwa hiyo na mimi nitalipa 86.

Tupige hesabu ya satelaiti ya kiti cha dola 1,000, kiingilio dola 109, ambapo 100 zinaingia kwenye zawadi na 9 ni ujira wa mwandaaji. Kila watu kumi wanazalisha kiti kimoja. Mchezaji wa wastani, asiye bora wala mbovu kuliko wenzake, atapata kiti mara moja katika kila kumi. Mara kumi ni dola 1,090. Kwa mtu wa wastani, basi, satelaiti ni ghali kuliko kwenda dirishani na kununua kiti. Bei inashuka kwa mtu anayecheza vizuri kuliko waliomzunguka, na kwa wengine inapanda. Tena ukianzia satelaiti ya chini inayokupeleka satelaiti ya kati inayokupeleka ya juu, ule ujira unaulipa kila kituo, kama abiria anayeshuka na kupanda daladala tatu kufika kazini.

Na wastani una kelele zake. Mwenye nafasi moja kwa kumi akijaribu mara 20, uwezekano wa kukosa zote 20 ni kama asilimia 12. Yaani katika kila watu wanane hivi wa namna hiyo, mmoja atatumia dola 2,180 bila kukiona kiti hata kwa mbali. Hajacheza vibaya. Ndivyo namba zilivyo. Anayelipa kiingilio kwa fedha ya kodi au ada ya mtoto hana nafasi ya kuisubiri hesabu ijirekebishe.

Satelaiti yenye faida ya kweli hutokea waandaaji wanapoahidi idadi ya viti. Wameahidi viti vitano vya dola 1,000, wakaja watu 38 tu. Michango ni dola 3,800. Pengo la 1,200 wanalijaza wenyewe. Hapo hata wa wastani anakaa vizuri. Wazoefu huangalia idadi ya waliojiandikisha dakika za mwisho kabla ya kuingia, kama mama lishe anayesubiri soko lifunge ili anunue nyanya.

Soma pia masharti ya kiti. Mara nyingi ni tiketi, si fedha. Huwezi kuibadilisha, na wakati mwingine ukishinda cha pili hakikufai kitu. Nauli ya ndege na hoteli zinaweza kuwemo au zisiwemo. Kwa sisi wa huku kuna jambo jingine ambalo vitabu vya poka havilitaji: kiti cha Las Vegas si viza ya Marekani. Foleni ya ubalozini haina satelaiti.

Najua wapo, hasa kwetu pwani, watakaosema kamari ni kamari na haramu haifanyiwi mahesabu. Sibishani nao, wala simwiti mtu mezani. Nilichotaka ni watu waache kumwita mtu mwehu kwa sababu hawakuona ubao wa zawadi.

Mjomba, hata hivyo, hakukubali kushindwa kirahisi. Siku mbili baadaye, tukiwa kijiweni, huku anachanganya karata alinitupia swali: "Sawa. Zile satelaiti za mwanzo, za yule Drache, watu kumi na kiti kimoja. Hapo nako utatupa ree?"

Nilicheka, kwa sababu ndilo swali zuri kuliko yote yaliyoulizwa kwenye kundi. Kiti kikiwa kimoja, hakuna wa pili wala wa kumi. Kila chipu inarudi kuwa na uzito sawa, kwa kuwa ni lazima uzikusanye zote za mezani. Ukiwa na robo ya chipu una robo ya kiti. Ukiziongeza mara mbili una nusu. Hakuna cha kulinda, hakuna mlango wa kusubiri wengine waanguke. Karata zile zile, meza ile ile, mtu yule yule anasukuma zote, na nafasi yako ya kushinda ni ile ile 85 wakati unahitaji 50 tu.

"Hapo mjomba," nikamwambia, "akizitupa, huyo ndiye mwehu wako."

Akagawa karata.